Gari ndogo ni kitabu: kutoka dragsta za Marekani mpaka chukudu za Mabanga



Leo naomba tupumzike kidogo na mambo ya ajira na siasa, tuzungumze historia. Na katika historia nimechagua kitu ambacho wengi watakiona kama mchezo: gari ndogo za mfano. Zile ambazo mtu mzima huko Marekani anaunganisha kwa gundi na kuzipanga juu ya meza, na zile ambazo mtoto wa Mabanga anakunja kwa waya na kuzisukuma njiani. Najua kuna mtu ataniuliza: "Wewe ulisoma agronomi, gari za watoto zinakuhusu nini?" Swali ni zuri. Jibu liko ndani ya gunia la viazi, na tutalifikia.

Neno langu ni moja tu: gari ndogo ni kitabu. Watu waliotunza gari zao ndogo, leo wanaijua historia ya gari zao kubwa mpaka kwenye msumari. Sisi tuko na chombo chetu, chukudu, kilichobeba chakula cha mji huu tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kitabu chake bado kiko ndani ya mikono ya wazee. Mikono inachoka.

1. Gari za mita 402

Tuanze mbali ili turudi nyumbani. Kule Marekani kuna mashindano yanayoitwa drag. Sheria yake ni fupi: gari mbili zinasimama sambamba, taa inawaka, zinakimbia moja kwa moja bila kona mpaka mwisho. Umbali wake wa asili ni robo ya maili, yaani mita 402. Baada ya vita vya pili vya dunia, vijana walikuwa wanachukua gari za zamani, wanazipunguzia uzito, wanaongeza nguvu ya masini, halafu wanashindana barabarani na kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa na jeshi. Watu walikufa. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili kuyatoa mashindano hayo barabarani na kuyawekea kanuni.

Lakini gari ya namna hiyo, inayoitwa dragsta, iligharimu pesa nyingi. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda hangeweza kuwa nayo. Hapo njo viwanda vya plastiki viliingia: Monogram ya Chicago, iliyoanza 1945, AMT ya Michigan, iliyoanza 1948, na Revell ya California. Viliuza sanduku lenye vipande vya plastiki na karatasi ya maelezo. Mtoto alinunua gundi na rangi, akakaa mezani siku kadhaa, akatoka na gari yake.

Kipimo kilichoenea sana ni 1 kwa 25. Maana yake kila sentimita 25 za gari ya kweli zinakuwa sentimita 1 ya gari ndogo. Dragsta za daraja la juu za siku hizi ziko na karibu mita 7.6 kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Ukizipunguza kwa kipimo hicho, zinakuwa kama sentimita 30, sawa na rula ya mwanafunzi. Na ile barabara ya mita 402 inakuwa mita 16 hivi. Inaingia ndani ya parsele moja ya Mabanga.

Sasa angalieni kazi ambayo gari hizo ndogo zilifanya bila mtu kuzituma. Zamani, dragsta ilikuwa na masini mbele, na dereva alikaa nyuma yake. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, gari ya Don Garlits, bingwa kutoka Florida, ilipasuka sanduku la gia. Alipoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Kitandani hospitalini alifikiri upya, na mwaka 1971 akarudi na gari ambayo masini iko nyuma ya dereva. Akashinda nayo, na ndani ya miaka michache karibu wote wakamfuata. Ukipanga juu ya meza gari ndogo za mwaka 1965 na zile za mwaka 1975, jambo hilo unaliona kwa macho bila kusoma hata sentensi moja. Ajali ya mtu mmoja imebaki ndani ya plastiki.

Na pesa nazo zilirudi. Mwaka 1970 kampuni ya michezo ya watoto Mattel, yenye gari ndogo za Hot Wheels, iliwalipa madereva wawili, Don Prudhomme aliyeitwa Nyoka na Tom McEwen aliyeitwa Nguchiro, ili gari zao kubwa zikimbie na jina la gari ndogo. Fikirini vizuri: gari ya mtoto njo iliyonunulia gari ya kweli mafuta. Yeyote anayesema hii ni michezo tu, amesahau kuhesabu.

2. Gari zetu za waya

Turudi Goma, komini ya Karisimbi, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini. Hapa hakuna aliyekuletea sanduku lenye vipande. Vipande unavitafuta mwenyewe.

Waya unatoka kwenye mipira ya gari iliyochomwa, au kwenye nyumba inayojengwa, kama fundi hakuoni. Kopo la sardini linakuwa sanduku la lori. Bidoni la njano lililotoboka linakatwa katikati na kuwa gari zima, linavutwa kwa kamba. Magurudumu yanakatwa kwenye kambambili iliyoisha, au ni vifuniko vya chupa. Halafu kuna ile fimbo ndefu inayotoka mbele ya gari mpaka kwenye kifua cha mtoto, na juu yake usukani wa waya. Hiyo fimbo ni akili kubwa. Inamruhusu mtoto kukimbia akiwa amesimama wima, na kona anakata kwa mikono kama dereva wa kweli. Watoto wa Malawi wanafanya hivyo hivyo. Kule, neno "galimoto" ni jina la gari ya kweli na pia ni jina la ile ya waya.

Kijijini, mbali na takataka za mji, watoto wanatumia mimea: mabua ya mahindi na mtama, maganda ya mgomba, matunda mabichi ya duara kwa magurudumu. Mtu wa agronomi anaona hapo somo zima la tishu za mimea, juu bua linakauka na kuwa jepesi bila kupasuka, lakini ganda la mgomba lina maji na baada ya siku mbili gari inalegea.

Njia za Mabanga nazo zilichangia kuchora gari zetu. Tunaishi juu ya mawe meusi ya volkano, yenye meno. Gurudumu jembamba la waya linapinda mara moja. Njo maana sisi tulipenda gurudumu nene la kambambili, na gari iliyoinuliwa juu ili tumbo lake lisigonge mawe. Hakuna aliyetufundisha. Jiwe njo lilikuwa mwalimu.

Na tulitengeneza nini? Tulitengeneza kile kilichopita mbele yetu. Mimi ni wa kizazi kilichofungua macho MONUC ikiwa tayari hapa. Umoja wa Mataifa uliiunda mwishoni mwa 1999, na mwaka 2010 ikabadilisha jina kuwa MONUSCO. Kwenye avenyu yetu, gari nyingi za watoto zilipakwa chokaa nyeupe na kuandikwa UN kwa makala. Baadaye nikaona wadogo zetu wanakunja moto, na mtu wa waya amekaa juu yake, na abiria wawili nyuma. Siku hizi naona moto za magurudumu matatu, zile za mizigo. Ukikusanya gari zile zote kwa mfululizo wa miaka, umepata historia ya barabara za Goma: msaada, jeshi, biashara, kila moja na wakati wake. Lakini nani amezikusanya? Gari ya waya inaishi wiki mbili. Ikipinda, waya unakunjwa tena kuwa kitu kingine, kile kitabu kinafutwa na kuandikwa upya.

3. Chombo chenyewe: chukudu

Katika vyote tulivyotengeneza vidogo, kuna kimoja ambacho kwetu hakikutoka kiwandani hata kwa ukubwa wake wa kweli. Chukudu. Mtoto wa Goma akiunda chukudu ndogo ya kuchotea maji, na baba yake akiunda kubwa ya kubebea magunia, wanatumia akili ile ile, panga lile lile, misumari ile ile. Ndogo inafundisha kubwa.

Chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na bila kanyagio kiko na ndugu yake wa mbali. Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alionyesha chombo cha namna hiyo. Mtu alikaa juu yake na kusukuma ardhi kwa miguu. Baiskeli zote zimetoka hapo. Na kuna wanahistoria wanaoeleza hivi: mwaka 1815 mlima wa moto Tambora, huko Indonesia, ulilipuka, majivu yakafunika jua, na mwaka 1816 mavuno ya Ulaya yakaharibika. Shayiri ya farasi ikawa ghali, farasi wakapungua, na mtu akatafuta chombo kisichokula. Si wote wanaokubali maelezo hayo. Lakini sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo tunaweza kuelewa haraka namna mlima unavyoweza kumfanya mtu atafute akili mpya.

Chukudu yetu ilienea Kivu ya Kaskazini kuanzia miaka ya 1970, wakati uchumi wa nchi ulianza kuanguka, gari na mafuta vikawa vya wachache, na barabara zikaharibika. Inaundwa kwa mbao ngumu, kama ule mti mafundi wanaouita mumba, na mikaratusi. Magurudumu ya mbao yanavalishwa vipande vya mipira ya gari ya zamani. Gurudumu la nyuma linawekewa kipande cha mpira unachokanyaga kwa mguu: hiyo njo breki. Katikati kuna mahali pa kuweka goti, mara nyingi pamelainishwa kwa kambambili, juu mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Urefu wa kawaida ni kama mita 2, na inabeba kilo 400 na zaidi. Fundi mzoefu anaimaliza ndani ya siku moja mpaka tatu, na ikitunzwa inafanya kazi miaka miwili au mitatu.

Dragsta na chukudu ni kama mtu na kivuli chake kilichogeuka. Dragsta inakunywa mafuta mengi ili ikimbie mita 402 kwa sekunde chache, na haibebi kitu isipokuwa dereva. Chukudu haikunywi hata tone, inabeba mzigo wa watu sita, na mwendo wake unatoka kwenye mteremko. Mwenye chukudu anayetoka Kibumba na magunia, anashuka kuelekea Goma akiwa na masini moja tu: uzito wa mzigo wake. Dragsta inasimama kwa parashuti. Yeye anasimama kwa kisigino na kipande cha mpira. Wote wawili wanajua hofu ile ile, kwamba kuondoka si kazi, kazi ni kusimama.

Mwaka 2009 mji uliiheshimu. Rais Joseph Kabila alizindua sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, ikawekwa juu kwenye rond-point ambayo leo wote tunaita Tshukudu. Angalieni hapo: Wamarekani waliipunguza gari kubwa ili iingie juu ya meza ya mtoto. Sisi tuliinua chukudu ya maskini tukaiweka juu ya vichwa vya watu wote. Ni heshima kubwa. Lakini sanamu haikufundishi namna ya kuunganisha gurudumu. Unaipita kila siku kwa moto, unaona dhahabu, hauoni msumari.

4. Gunia la viazi

Sasa nijibu lile swali la agronomi.

Katika masomo yetu tunafuata zao kutoka mbegu mpaka mavuno. Tunapima hekta, tunapima mbolea, tunahesabu magunia. Halafu tunaenda sokoni, tunauliza bei. Katikati ya shamba na soko, kwenye daftari zetu, mara nyingi kuna mstari mmoja tu: "usafirishaji". Kila kabichi, kila gunia la viazi au la makala lililoshuka kwa chukudu limejificha ndani ya neno hilo. Ni kama tunasema chakula kinatembea chenyewe.

Lakini umbo la chukudu linaamua mambo mengi. Linaamua ni magunia mangapi yanashuka kwa safari moja, ni umbali gani mkulima mdogo anaweza kufikia soko bila kulipa lori, na ni njia gani anaweza kupita wakati barabara kubwa imeharibika au imefungwa. Mkulima wa mlimani na mama muuzaji wa sokoni wameunganishwa na ubao wa mita 2. Ukibadilisha ubao, umebadilisha bei.

Na ubao unatoka kwenye mti. Hapa njo mimi naogopa zaidi. Karibu na mji wetu, mti mwingi unapandwa na kukatwa kwa ajili ya makala. Mradi wa EcoMakala wa WWF, kwa mfano, ulisaidia wakulima kupanda miti ili msitu wa Virunga upumzike, na hiyo ni kazi njema. Lakini mti wa makala unakatwa ukiwa mwembamba bado. Gurudumu la chukudu linahitaji shina pana, na mbao ya mgongo wake inahitaji mti ulionyooka na kukomaa. Mti huo unataka miaka, na pia unataka mtu anayejua kwa nini usikatwe leo. Kama fundi anaondoka na maarifa yake, hata mpanda miti hatajua apande nini na asubiri mpaka lini.

5. Fundi na hesabu

Kuna mzee mmoja Mabanga anayeunda chukudu, na pia anachonga zile ndogo za kuuzia wageni. Nilimuomba anieleze kama ile ndogo ni sawa na kubwa. Alicheka.

"Mutoto yangu, ile ndogo iko ya macho tu. Ukiiweka mezani, inapendeza. Lakini haina mufupa."

Nikamuuliza, "Papa, na tukiitengeneza sawa sawa, kila kipande kwa kipimo chake?"

"Utaweza. Lakini itakudanganya. Itakuwa na nguvu sana."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, nikachukua kalamu. Mzee alikuwa na haki, na hesabu ni hii. Chukua chukudu ya mita 2 inayobeba kilo 400. Ipunguze kwa kipimo cha 1 kwa 10: inakuwa sentimita 20. Mzigo wake nao unapungua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, yaani mara 10 kwa 10 kwa 10, mara 1,000. Kilo 400 zinakuwa gramu 400. Lakini nguvu ya mbao inategemea unene wake ukiikata, yaani upana kwa kimo, na hiyo inapungua mara 100 tu. Kwa hiyo mbao ile ndogo inaweza kubeba karibu kilo 4, mara kumi ya mzigo unaoistahili. Njo maana chukudu ya mtoto haivunjiki, na njo maana huwezi kujifunza nguvu ya kubwa kwa kuangalia ndogo peke yake. Jambo hili Galileo aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1638. Mzee wa Mabanga alilijua kwa mkono.

Hapo nilielewa kipi gari ndogo inatunza na kipi haitunzi. Inatunza umbo, mpangilio, namna vipande vinavyoshikana. Haitunzi nguvu, haitunzi jina la mti, haitunzi sababu. Zile gari za plastiki za Marekani zina maana leo juu zilikuja na karatasi: jina la dereva, mwaka, aina ya masini. Umbo na maneno vilitembea pamoja. Kwetu, wageni wengi wamebeba maumbo kwenye mabegi yao, wakaenda nayo Ulaya. Maneno yamebaki kwa mzee. Mzee akienda, umbo litakuwa pambo tu.

6. Mkongomani aliyetuonyesha njia

Msiseme hapa kwetu mfano mdogo hauna thamani. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, alienda Kinshasa kusoma, akafundisha, halafu akafanya kazi ya kutengeneza vitu vya zamani katika taasisi ya makumbusho ya taifa. Kwa karatasi, katoni, plastiki na makopo ya vinywaji aliunda miji mizima midogo yenye rangi, majumba ambayo Kongo ilikuwa haijayajenga. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris katika onyesho lililoitwa Magiciens de la terre. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilifungua onyesho kubwa la kazi zake peke yake. Katoni na makopo, ndugu zangu. Vitu vile vile ambavyo mtoto wa Mabanga anatafuta kwenye takataka.

Kingelez aliunda mji wa kesho. Sisi tunaombwa kitu rahisi zaidi: kuunda kwa usahihi chombo cha jana na cha leo, kabla hakijapotea.

7. Tufanye nini

Mimi si mtu wa kusema "serikali ifanye". Wakati mwingi hiyo ni namna ya kujiondoa. Nasema sisi, wenye lisansi na wanafunzi.

Kwanza, tupime. Chukudu moja ya kweli, mita ya fundi, daftari. Urefu wa mgongo, upana wa gurudumu, pembe ya usukani, idadi ya misumari. Tupime ya Kibumba, tupime ya Sake, tupime ya Butembo, juu kila njia iko na chukudu yake. Pili, tuunde ndogo ya 1 kwa 10 pamoja na fundi mwenyewe, na tumlipe kama mwalimu. Tatu, kila ndogo iwe na karatasi yake: mti gani, umetoka wapi, ulikuwa na miaka mingapi, kwa nini mti huo na si mwingine, na jina la fundi kama anakubali. Chukudu ilienea bila mtu kuandika jina la fundi wa kwanza. Tusirudie hivyo kwa wa mwisho.

Nne, tuonyeshe. Hatuhitaji jumba. Madarasa yetu yako na meza. Wanafunzi wa ufundi, wa uchumi, wa historia na wa agronomi wakisimama kuzunguka meza moja, kila mmoja ataona kitu mwenzake hajaona. Mimi nitaona mti. Wewe labda utaona bei. Mwingine ataona baba yake.

Kuna atakayesema moto za magurudumu matatu zimekuja, acha chukudu iende. Sipingi. Kila chombo kiko na siku zake, na sitaki mtu yeyote aumie mgongo maisha yote ili mimi nipate historia nzuri. Lakini hata zile dragsta za masini ya mbele ziliondoka kwenye ushindani mkubwa. Zimeondoka zikijulikana. Tofauti ya kuondoka ukijulikana na kupotea ni kubwa.

Na kwa nini ziwe ndogo? Kwa sababu tunaishi Goma. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katikati ya mji na kufika ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, na siku tano baadaye kartiye 10 ziliambiwa zihame, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zikiwemo. Vita nazo hazijatuacha. Mtu wa mji huu anajua swali moja kuliko yote: ukiambiwa toka sasa, unabeba nini? Chukudu ya mita 2 utaitumia kubebea godoro na bibi yako. Maktaba huwezi kuibeba. Lakini kitu cha sentimita 20, na karatasi yake imekunjwa ndani ya plastiki, kinaingia kwenye begi la shule, kati ya diploma na picha za familia.

Mwenye mita nyumbani aitafute. Mafundi wetu wako kazini Jumatatu mpaka Jumamosi, asubuhi na mapema.